Nilivyoipeleka Kompyuta Yangu Mbale kwa Siri

Kwa miaka kumi na tisa nimekula kwa vidole vyangu. Nina chumba kimoja kwenye baraza ya jengo la zamani hapa Jinja, na humo nachapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi na mitihani ya shule za vijijini. Juu ya mlango kuna kibao: RAMLAH, KUCHAPA NA KUPRINTI. Maneno NA USHAURI niliyaongeza mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, mwaka ule nilipojifunza kurudisha faili iliyofutwa. Tangu hapo sijajifunza jambo jingine kubwa, lakini kibao hakina habari hiyo.

Basi mwaka 2025 kompyuta yangu ikaanza kunisumbua. Kila asubuhi nikiiwasha, kabla sijavua hata viatu, skrini inajaa tangazo: Windows Kumi inafikia mwisho wake mwezi wa kumi, baada ya hapo haitalindwa tena, na sasa kuna Windows Kumi na Moja. Chini kulikuwa na maelezo marefu, na chini kabisa kitufe cha kuomba nikumbushwe siku nyingine. Hicho kitufe nilikijua kama ninavyoijua njia ya chooni. Kufikia Ramadhani niliweza kukibonyeza huku nimefumba macho, na niliwahi kumwonyesha mteja mmoja ustadi huo. Alisifu.

Nisidanganye. Nilikuwa naogopa. Zamani nilipohama kutoka toleo moja la Windows kwenda jingine nilifanya kazi peke yangu, kwa kiburi, nikawa najibu "ndiyo" kwa kila nilichoulizwa. Swali mojawapo lilikuwa kama nataka kila kitu kifutwe. Nikasema ndiyo. Zikaenda kadi za harusi tatu, na ratiba ya mazishi ya mtu ambaye alizikwa kesho yake bila ratiba. Wateja niliwaambia umeme ulipiga. Mpaka leo wako watu Jinja wanaolaumu umeme kwa dhambi yangu.

Na sasa ndani ya mashine hiyo kulikuwa na kitu kizito kuliko kadi. Baba yangu, mzee Marjan, kabla hajafa alikaa nami miezi mitatu akinitajia majina. Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan, wakaachwa huku na bunduki zao na wake zao, na karatasi za kusema nani ni mtoto wa nani hazikuwapo. Zilikuwa kichwani mwa baba. Nilizichapa zote, kurasa mia moja na arobaini: nani alizaa nani, nani aliolewa Bombo, nani amezikwa wapi. Hata leo vijana wawili wakitaka kuoana, wazee hunitumia mtu: Ramlah, tazama humo, hawa si ndugu? Kurasa hizo zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya sanduku lile lenye feni inayolia kama mbuzi. Mimi ninayewaambia wanafunzi wangu kila siku, "Weka nakala," sikuwa na nakala.

Mwezi wa tisa akaja Mwalimu Waiswa. Ni mkuu wa shule moja ya msingi kule Budondo, mtu mrefu, mpole, anayeniletea mitihani yake niichape. Yeye ni Msoga na mimi Kisoga nakijua, lakini hupenda kuniongelesha Kiswahili kwa sababu anaona sisi Wanubi ndio wenyewe.

"Nyabo," akasema, ndivyo wanavyomwita mama wa heshima kwao, "kuna neno moja nataka kuuliza. Kompyuta ya shule, ile kumi na mbili tulipewa, yote inaandika kitu kwa skrini. Inasema tuhame. Sasa tuhame ao tubaki?"

Ningeweza kusema, "Mwalimu, hata mimi sijui." Ni maneno manne tu. Badala yake nikavua miwani, nikaifuta taratibu, nikairudisha.

"Msiguse," nikasema.

"Tusiguse?"

"Msiguse kabisa. Hizo ni biashara za watu. Mtu ana nyumba nzima, haivuji, wewe unamwambia ahame? Hiyo mpya inakula faili. Nimeiona kwa macho yangu."

Sikuwa nimeiona hata kwa macho ya mwenzangu. Waiswa akanishukuru, akanipa mkono kwa mikono miwili kama anavyofanya siku zote, akaondoka.

Jioni ile niliuacha wali mezani. Uongo wangu wa kila siku ni mwepesi, naubeba bila kuhisi; huu ulikuwa na watoto mia nne ndani yake. Nikawa nawaona wamekaa mbele ya mashine kumi na mbili zilizoharibika, na wote wakisema kwa pamoja, "Ramlah alisema tusiguse."

Ilibidi nimuulize mtu anayejua. Lakini Jinja mafundi wote wananifahamu, na wengine niliwafundisha mimi kuchapa. Kwenda kwao kuuliza ingekuwa kama shehe kusimama barabarani akiuliza msikiti uko wapi. Nikampigia simu binamu yangu Fatumah, anayeuza mabeseni na ndoo kwa jumla kule Mbale.

"Huko kwenu kuna fundi mzuri wa kompyuta?"

"Wa nini? Si wewe ndiye fundi?"

"Ni rafiki yangu anauliza."

"Mwambie rafiki yako aje. Kuna Mkenya mmoja ana duka nyuma ya msikiti, watu wanakuja mpaka kutoka Soroti."

Alhamisi nikafunga duka. Kompyuta nikaifunika kwa gurbaba, ile nguo yetu ya kujitanda, nikaifunga mafundo mawili nikapanda basi nayo. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akauliza nimebeba nini kwa uangalifu hivyo. Nikasema ni cherehani. Sijui kwa nini. Nadhani kufikia hapo ulimi ulikuwa umeshazoea. Akafurahi, kumbe naye ni fundi cherehani, na kutoka Iganga mpaka Tirinyi akanihoji habari za sindano na mishono. Sijawahi kushona hata kifungo.

Mbale tulifika saa tano. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Fatumah alinipokea mlangoni pa duka lake, akanitazama mimi, akautazama mzigo.

"Rafiki yako ndiye huyu?" akauliza, akiugonga kwa kidole.

Akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akanionyesha njia.

Duka la fundi lilikuwa jembamba na safi. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amechomeka bisibisi kwenye nywele, na mbele yake simu iliyofunguliwa tumbo. Aliinua kichwa. Akasimama.

"Madam Ramlah?"

Nilimtazama nisimjue, halafu nikamjua, na moyo ukashuka mpaka kwenye ndara. Alikuwa Christine Akoth. Mama yake alikuwa Mkenya, akinunua samaki Wanyange na kuwapeleka Busia, na mwaka 2009 alimleta binti yake kwangu ajifunze kuchapa. Wiki ya pili nilimkuta Christine ameifungua mausi yangu, ametoa kile kijimpira cha ndani, anakiviringisha mezani ili aone kinavyofanya kazi. Nilimfukuza siku hiyo hiyo. Na sikumfukuza kimyakimya. Nilimwambia mbele ya darasa kwamba mikono yake iliumbwa kwa ajili ya magamba ya samaki, kompyuta aziache kwa wenyewe.

"Shikamoo, Madam," akasema.

"Marahaba," nikajibu, na sikuwahi kuiona shikamoo nisiyoistahili kama ile. "Unaendelea vizuri?"

"Bado nafungua vitu," akasema, akatabasamu.

Natamani ningeweza kusema aibu yangu iliishia hapo. Kulikuwa na benchi upande wa ukutani, na kwenye benchi alikaa mtu mrefu na daftari la shule magotini. Alikuwa anajaribu kujificha nyuma ya daftari, lakini daftari lilikuwa dogo.

"Mwalimu Waiswa!"

"Nyabo!" Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mimi... napita tu."

"Hata mimi napita tu."

Kutoka Budondo mpaka Mbale ni saa tatu na zaidi. Hakuna mtu anayepita tu. Mwalimu wa watu alikuja kwa sababu hakuniamini, na mimi nilikuja kwa sababu sikujiamini, na kati yetu sote wawili ni yeye aliyekuwa na akili.

Christine hakujua lolote kati ya hayo. Akanivutia kiti, akasema, "Mngoje kidogo Mwalimu amalize. Shule yake ina mashine kumi na mbili. Kuna mtaalamu fulani huko Jinja alimwambia asiguse kitu, sasa watoto wa watu wako kwa hatari. Sijui watu hutoa wapi huo ujasiri."

"Alikutajia jina?" nikauliza.

"Hapana. Nimeuliza, amekataa."

Nikamtazama Waiswa. Alikuwa anaviangalia viatu vyake. Angeweza kunitaja. Tena nilikuwa hapo, angeweza hata kuninyooshea kidole tu. Lakini alinyamaza, akanilinda, na nikaona kwamba nikinyamaza na mimi tutarudi Jinja heshima yangu ikiwa nzima, na hakuna atakayejua. Nilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Pengine sekunde kumi.

"Ni mimi," nikasema. "Mtaalamu ni mimi. Sikujua chochote. Nilisema tu."

Christine aliweka simu chini. Hakucheka. Ningependelea acheke.

"Na hii?" akauliza, akiionyesha gurbaba kwa kidevu.

"Nayo inaniambia nihame. Nimekuja kuuliza kama inafaa."

Tukaifungua mafundo, akaiunganisha na skrini yake, akaiwasha. Feni ikalia kama mbuzi. Tangazo likatokea, na mkono wangu, wallahi, ukaenda wenyewe kwenye mausi. Christine akaushika.

"Madam, hii umeisoma?"

"Kila siku tangu mwaka uanze."

"Mpaka mwisho?"

Nikaanza kuifuta miwani.

"Soma hapa. Kwa sauti."

Nikasoma. Mstari wa tatu, kwa herufi zisizo ndogo hata kidogo, ulisema kwamba kompyuta hii haifikii masharti ya kuwekewa Windows Kumi na Moja. Nikausoma mara ya pili nikidhani miwani imekosea. Miezi tisa nimekosa usingizi nikijiuliza nihame nisihame, nimeomba dua, nimemdanganya mwalimu, nimemdanganya mshonaji nguo, na muda wote mashine ilikuwa inaniambia kwa adabu kwamba mpya hainitaki. Mlango niliokuwa nakataa kuupita ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Hapo Christine alicheka. Waiswa akajaribu kujizuia akashindwa. Mimi nikacheka mwisho, na nilicheka zaidi yao.

"Prosesa yake ni ya zamani," Christine akaeleza alipopumua, "na haina ile chipu ya usalama ambayo Kumi na Moja inadai. Kuna watu hulazimisha, lakini mimi silazimishi mashine ya mtu anayeitegemea kwa chakula. Sasa wacha nikuulize. Unaifanyia nini?"

"Kuchapa. Kuprinti."

"Unaingia mtandaoni?"

"Naingia."

"Wateja wanakuletea flashi?"

"Flashi za Jinja nzima zinapita humo."

Akatikisa kichwa. "Kama ungekuwa unachapa tu, haiendi mtandaoni wala haipokei flashi ya mtu, ningekwambia kaa nayo mpaka ife. Lakini wewe umefungua milango yote. Baada ya mwezi wa kumi ukitokea ufa, hakuna wa kuuziba. Kuna njia ya kuiongezea ulinzi mwaka mmoja, hiyo nitakuwekea. Huo mwaka utafute mashine nyingine, hata ya mtumba, bora iwe inayokubali Kumi na Moja. Hii ibaki ya kuchapa tu. Na printa yako ni ya lini?"

"Ya 2011."

"Hiyo nayo ujue inaweza kukataa mashine mpya. Usinunue chochote kabla hujaijaribu." Akasogeza kibodi. "Nakala za kazi zako ziko wapi?"

Nilipomwambia hakuna, alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ile ya mausi. Hakuuliza tena. Akachukua diski mbili mpya, akaanza kunakili, na ilipofika faili ya baba akaifungua ahakikishe haijaharibika. Akasoma mistari michache, akasoma zaidi.

"Hawa wote ni watu?"

"Wote."

"Na walikuwa humu tu?"

"Humu tu."

Akaongeza diski ya tatu bila kuulizwa. Wakati mstari wa kijani unasogea nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Waiswa akanisogezea kiti karibu na chake, akakaa nami mpaka ulipofika mwisho.

Kisha wakashughulikia daftari la Mwalimu. Alikuwa ameandika jina na namba ya kila mashine kwa mwandiko wa ubaoni. Christine akazipitia moja moja: saba zinakubali Windows Kumi na Moja, tena bila malipo, tano hazikubali. Hizo tano akashauri ziwekewe mfumo mwingine wa bure, Linux, mwepesi kwa mashine za zamani. Watoto wanajifunza kuchapa na kuchora, hawatajali jina la kilicho chini yake.

"Kwa hiyo tuhame?" Waiswa akauliza.

"Saba zihame. Tano zibadilishwe. Lakini kwanza nakala."

"Kwanza nakala," nikasema na mimi, kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hilo siku zote. Wote wawili wakanigeukia.

Jumatano iliyofuata Christine alishuka kutoka Mbale, tukaenda Budondo pamoja. Nilikuwa nimejitolea kumsaidia, na msaada aliouona unanifaa ulikuwa kushika waya. Walimu walikusanyika chumba cha kompyuta. Mmoja wao, mwalimu Olivia wa darasa la tano, aliniona na miwani yangu, akaniuliza mimi kama kazi itachukua muda gani.

"Muulize yule," nikasema. "Mimi ninashika waya."

Kila tangazo lilipotokea, Christine hakubonyeza. Aliniita. "Soma, Madam." Nikasoma kimya, nikaitikia kwa kichwa. "Kwa sauti." Basi nikasimama mbele ya walimu tisa na watoto waliojaa madirishani, nikasoma kwa sauti masharti ya leseni, mstari kwa mstari, kama mtoto wa madrasa anayerudia sura aliyokosea. Watoto walidhani ni sehemu ya kazi. Wengine walikuwa wanaitikia.

Mashine ya sita ilifika asilimia sitini na moja ikasimama. Ikasimama dakika kumi, ishirini. Mwalimu Olivia akauliza kwa upole kama imekufa. Waiswa alitoka nje akaenda kuutazama mhogo wa shule. Mimi nikamwambia Christine tuizime tuiwashe, kwa sababu hiyo ndiyo dawa yangu ya kila ugonjwa, na Christine akasema nikigusa kitufe kile atanifukuza darasani. Alisema kwa Kiswahili safi, wazi, ili kila mtu asikie. Nikakaa juu ya mikono yangu. Baada ya dakika arobaini ikasogea: sitini na mbili. Watoto madirishani wakapiga makofi.

Kabla hatujaondoka niliomba nafasi, nikawaambia walimu kwamba mimi ndiye niliyesema msiguse, na kwamba nilisema bila kujua. Nilikuwa nimetayarisha maneno marefu ya kujieleza, lakini Waiswa aliingilia kati, akasema chai inapoa. Christine tulimsindikiza mpaka kituoni. Hapo nikamwambia pia lile neno la magamba ya samaki lilikuwa baya, na kwamba nilijua ni baya hata nilipokuwa nalisema.

"Mama alilia," akasema. "Mimi niliiba kile kijimpira."

"Uliiba?"

"Nilikuwa nacho mpaka nimeolewa."

Basi likaja, akapanda.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipata mashine ya mtumba, ina Windows Kumi na Moja. Nikiulizwa sasa kama inafaa kuhama, najibu: inategemea una mashine gani na unaifanyia nini, na ukitaka jibu zaidi ya hilo, namba ya Mbale hii hapa. Kwa upande wangu, wiki tatu nzima nilikuwa natafuta menyu pembeni wakati imekaa katikati kama bwana harusi. Printa yangu ilinuna siku mbili, mpaka Christine akaibembeleza kwa simu. Nalala vizuri zaidi, hilo ni kweli.

Kazi yenyewe haijabadilika. Jana nilichapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Wanyange kwenye mashine mpya, yenye ulinzi wote na usalama wote. Ilinichukua dakika arobaini kama zamani, nami nikakosea jina la mjane kama zamani. Wameirudisha asubuhi. Naichapa upya.